Wakili na Nafasi Mbili

Kila asubuhi msichana aliyeitwa Wakili alifungua duka la mama yake, akafagia, akaipangusa mashine ya kunakili, kisha akawasha kompyuta. Jina lake la kweli walilijua walimu tu. Mtaa mzima ulimwita Wakili tangu akiwa na miaka sita, kwa kuwa alikuwa na mdomo wa kumtetea hata paka aliyedokoa mboga.

Sasa alikuwa amemaliza shule, na utani ulikuwa umegeuka kweli. Vyuo viwili vikubwa vya sheria vilikuwa vimemkubali katika juma moja. Kimoja kilikuwa chuo kikongwe cha mji mkuu, chenye picha za majaji kila ukuta. Cha pili kilikuwa kipya, lakini sifa zake zilikuwa zimeshaenea mbali. Huko wanafunzi wa mwaka wa pili hukaa ofisini na watu wenye kesi, wakiwasikiliza na kuwaandikia barua.

Watu walimpa Wakili mkono wa pongezi mpaka mkono ukachoka. Ajabu ni kwamba yeye hakusikia kitu. Hakufurahi wala hakuogopa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama ufizi uliochomwa sindano ya daktari wa meno.

"Chuo kikongwe, hakuna mjadala," alisema baba yake mdogo, karani wa mahakama, kila alipopita dukani. "Majaji wote ninaowabebea majalada wametoka pale. Nimechoka kubeba ya watu. Nataka nibebe ya kwako!"

"Mwache mtoto achague, shemeji," mama alijibu, huku akikata picha za pasipoti.

"Haya, achague. Achague kikongwe!"

Wakili alicheka kicheko cha mdomoni tu. Jumatano moja, kwa kuchoka kuulizwa, alifungua tovuti ya chuo kikongwe akabonyeza "Nakubali." Kisha akafungua ya chuo kipya, akabonyeza "Nakubali" vilevile. Alijiambia kwamba atachagua moyo ukiamka. Hakumwambia mtu.

Tangu siku hiyohiyo, Chiriku alianza kuja dukani. Alikuwa amesoma na Wakili darasa moja, akapewa jina la ndege huyo kwa sababu alisema bila kupumua. Simu yake ilikuwa imeharibika, hivyo alikuja kila siku kuangalia barua pepe. Alhamisi ya juma lililofuata alifika mapema.

"Nifungulie wewe kama kawaida, Wakili. Mimi naogopa kusoma."

Wakili alifungua barua ya chuo kikongwe, akasoma: "Wewe ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Kwa sasa nafasi zote zimechukuliwa. Orodha itafungwa kesho, Ijumaa, saa kumi jioni."

"Wa kwanza!" alisema Chiriku. "Wa kwanza kwenye foleni ya mlango uliofungwa. Na mimi mjinga, sikuomba chuo kingine. Labda mtu atakufa."

"Chiriku!"

"Natania. Aumwe tumbo tu, kidogo, abaki kwao."

Alipoondoka, Wakili aliendelea kulitazama lile neno, "zimechukuliwa." Nafasi moja alijua imechukuliwa na nani. Alingoja aibu imjie. Haikuja. Lakini alijua, kama mtu anavyojua kuwa mbili na mbili ni nne, kwamba amefanya vibaya.

"Mama," alisema, "nimekubali vyuo vyote viwili. Chiriku anasubiri nafasi niliyoikalia mimi."

Mama aliweka mkasi chini. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja moyo uniambie. Sisikii kitu, Mama. Hata huruma sisikii. Labda mimi ni mtu mbaya."

Mama hakumkemea. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Baba yako alipofariki, nilifungua duka hili miezi mitatu bila kusikia chochote. Hata machozi sikuwa nayo. Lakini wateja walipata picha zao. Moyo ukifa ganzi, mwanangu, mikono bado inaijua kazi yake. Sasa niambie, kijitabu cha chuo gani umekisoma mpaka mwisho?"

Wakili alifikiri. Cha chuo kikongwe alikuwa ameangalia picha. Cha chuo kipya, ule ukurasa wa wanafunzi na watu wenye kesi, alikuwa ameusoma mara tatu.

"Cha chuo kipya. Lakini baba mdogo?"

"Huyo niachie mimi. Majalada ya kubeba hayatamwishia."

"Na kama nafasi hatapewa Chiriku?"

"Atapewa mwingine. Hatumpi Chiriku zawadi. Tunarudisha kisicho chetu."

Wakili alifungua tovuti ya chuo kikongwe, akabonyeza "Najiondoa."

Ijumaa saa tatu, Chiriku alisomewa barua nyingine: "Tunafurahi kukupa nafasi." Alipiga kelele mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akatoka na kiatu mkononi. Wakili alingoja anyamaze.

"Chiriku, nafasi hiyo nilikuwa nimeikalia mimi. Nilikubali vyuo viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliyokuja."

Chiriku alimkodolea macho. "Siku tisa! Siku tisa unanisomea barua kwa sauti nzuri, kumbe aliyefunga mlango ni wewe!"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Leo sitakusamehe. Leo nina furaha, usinichanganyie. Nitakusamehe Jumatatu."

Akachukua karatasi yake, akaenda zake bila kuaga.

Wakili alisikia kitu kikimchoma kifuani, chini ya koo. Kilikuwa kitu cha kwanza kukisikia baada ya majuma mengi. Alikaa. Mama akamletea maji.

"Moyo unauma?"

"Unauma."

"Afadhali," alisema mama. "Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nakuongezea, mara nyingine kinachoponyoka ni cha mwenzako, na wewe huna habari. Kwa hiyo usingoje kusikia raha wala aibu ndipo utende haki. Tenda kwanza. Moyo utakuja nyuma, hata kama ni kwa kuchechemea."