Wavu wa Omena kwenye Pua ya Ndege

"Mama, omena zimekauka."

Sauti ya Mathenge, afisa mwenzake wa upelelezi, ilitoka kwenye kidude kilichofichwa chini ya kitambaa cha kichwa. Beldina akakaza mwendo wa pikipiki. Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu: ndege inaondoka leo.

"Nimeshapita Kombewa. Boti yenu iko wapi?"

"Ndani ya matete. Lakini tukijitokeza tu, fundi anauawa."

"Najua. Niachieni mimi."

Akaiegesha pikipiki yake ya Boxer, akabeba chupa mbili za chai na beseni la mandazi. Chini ya mandazi kulikuwa na bastola ya Glock.

Bwana nishike mkono, akaomba kimoyomoyo, kama alivyoomba kabla ya kila kazi tangu amzike mumewe.

Ndani ya banda la mabati, karibu na maji, kilisimama kindege alichokiunda fundi Okinyi kwa mikono yake mwenyewe. Injini ilikuwa ya Subaru kuukuu. Wiki ya tatu sasa Okinyi alikuwa mateka wa Kaspar, mgeni aliyetaka kuvusha ziwa bamba zilizoibwa za kuchapia pasipoti. Zikivuka, muuaji yeyote wa dunia angetembea kama Mkenya.

"Chai, mabwana!" Beldina akaita, kama muuza chai wao wa kila siku.

Mlinzi alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika AK-47, mtutu ukimwelekea Okinyi mgongoni.

"Zamani injini ilivuta hewa ya moto humu chini ya boneti," Okinyi alikuwa akieleza, huku injini ikinguruma. "Ikachoka kama mtu anayepumua ndani ya blanketi. Sasa nimeitobolea mdomo huku mbele. Bomba pana, hewa baridi, moja kwa moja."

"Na hiki?" Kaspar aligusa kipande cha wavu wa omena, wa matundu madogo ya kunasia dagaa, kilichofungwa kwenye mdomo wa bomba.

"Hicho kiache, bosi."

"Kinaibana pumzi. Toa."

"Bosi, hapa ziwani kuna..."

Beldina aligeuza macho. Mbali juu ya maji, nguzo nyeusi ilikuwa ikipanda, inajipinda.

Usubi wa ziwani. Mamilioni kwa mamilioni. Hauumi mtu, lakini huziba pua, hujaa sufuria, hufunika taa za gari. Kila mtu wa ufuko huu anaujua.

Kaspar naye akaiona nguzo. "Moshi ule?"

Okinyi akafungua mdomo.

"Wanachoma matete, mkubwa," Beldina akamuwahi.

"Safi. Nitapita humo humo, boti za doria zisinione."

Beldina akamgeukia Okinyi. "Na wewe fundi, ubishi wa nini? Mwenye safari amesema toa. Si utoe!"

Okinyi akamkodolea macho. Mama mzima wa hapa Seme, usubi anauita moshi? Ana wazimu? Kisha akaona jinsi Beldina alivyomtazama, bila kupepesa. Akaufungua ule wavu polepole, kama anayemvua mtoto sweta kwenye baridi.

Mshale wa geji ya nguvu ya injini ukapanda.

"Umeona, fundi? Hiyo ndiyo elimu!" Kaspar akacheka. Akapakia kasha la bamba, akamnong'oneza mlinzi.

Kinasa sauti kilichofichwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai kilimletea Beldina kila neno sikioni: "Nikishapaa, mmalize."

Kaspar akaketi kwenye usukani, kindege kikakimbia nyasini. Kikapaa.

Mlinzi akainua bunduki.

Chai ya moto ikamlipukia usoni. Yowe! Bunduki ikaanguka, mandazi yakatapakaa, Glock ikamtazama kati ya macho.

"Lala chini, mwanangu. Pole pole. Bado nina chupa ya pili."

Okinyi akamfunga mikono kwa ule wavu.

Huko juu, kindege kiliingia ndani ya nguzo nyeusi, mdomo wa bomba ukameza usubi. Kikakohoa.

Kikakohoa tena.

Kimya.

"Imezima!" Mathenge alipiga kelele sikioni. "Inashuka... imepiga maji! Anaelea, Mama. Tumemshika. Kasha tunalo!"

"Mpeni blanketi. Maji ni baridi."

Okinyi alikuwa amekaa juu ya tairi, machozi yanamtoka. "Ingefika Mwanza, Mama. Na wavu wake, haki ya Mungu ingefika Mwanza!"

"Na wewe ungefika kaburini, Baba. Utaunda nyingine."

Okinyi akajipangusa, akaanza kucheka. "Eti wanachoma matete! Mama, umedanganya mchana kweupe."

"Mara moja tu. Nitatubu Jumapili."

Akaokota andazi, akalipuliza vumbi, akampa. Boti ilipofika kumchukua mlinzi, akavaa helmeti na kuwasha Boxer kuelekea Kisian. Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi, na hakupenda kuchelewa.