Kidonge Ndani ya Chai ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimchemshia bibi yake chai. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Wiki hiyo, hata hivyo, alikuwa kimya, na msemaji akinyamaza ujue lipo jambo.

Goti la bibi lilikuwa limechakaa. Daktari wa viungo, aliyefika hospitalini mara moja kwa mwezi, alipanga kumtoa damu, kuizungusha kwenye mashine, kisha kumdunga gotini ile sehemu ya damu hiyo yenye chembe za kugandisha. “Huenda ikasaidia,” alisema. “Ila kwa wiki mbili kabla ya sindano usimeze vidonge vya maumivu. Vinazidhoofisha chembe hizo.”

Bibi alikuwa na haraka. Dada yake, mgonjwa mahututi, aliishi ghorofa ya nne, na jengo halikuwa na lifti. “Nataka nipande nimwone angali hai,” alisema. Akiulizwa hali, alijibu, “Sijambo.” Lakini Chiriku alimkuta chumbani akilia, ameuma ncha ya shuka asisikike. Akamwonea huruma. Siku tatu mfululizo alisaga kidonge, akakitia kwenye chai yenye sukari nyingi.

Siku ya sindano, muuguzi aliuliza, “Bibi, umemeza dawa yoyote ya maumivu?”

“Hata punje,” bibi akajibu kwa fahari.

Damu ilikwisha kutolewa na mashine ilikuwa ikizunguka.

“Nilimpa mimi,” Chiriku alisema. “Kwenye chai. Yeye hakujua.”

Daktari alizima mashine. “Umefanya vizuri kusema. Itabidi tungoje mwezi ujao.”

Bibi akarudi nyumbani bila sindano. Siku ya tisa, dada yake akafariki. Hawakuwa wameonana.

Mwezi uliofuata bibi alichomwa sindano. Waliporudi nyumbani, Chiriku akapiga magoti mbele yake. “Nisamehe, bibi. Mimi ndiye niliyekuzuia kumwona dada yako.”

“Hapana, mjukuu wangu. Daktari kaniambia leo, sindano hii huchukua wiki nyingi kufanya kazi. Isingenifikisha kule juu. Baba yako na wajomba zako wangenibeba kwenye kiti, kama wangejua. Lakini mimi niliwaambia sijambo, na wewe uliyeniona nikilia hukumwambia mtu.” Machozi yalimtoka. “Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukimwona mtu anaumia, waambie wakubwa, usimtibu kwa siri. Nami nikiulizwa, nitasema goti linauma.”

Wakalia pamoja, na safari hii hakuna aliyejificha.