Na Kama Pion Haikule Dame?

—Sasa, mukwe wangu, kama kweli utakuwa mukwe, tuonyeshe ile akili wanasema uko nayo.

Papa Théodore alisema vile na kusukuma ubao wa échecs, ile sataranji, katikati ya meza, pale kibuyu ya kasiksi, pombe ya ndizi, ilipaswa kuwekwa. Kibuyu yenyewe ilibakia chini, karibu na mulango, murija yake ingali kavu. Tonton Alphonse, muzee wa upande wa kijana, aliyeileta toka Mudaka, aliiangalia kwa huruma. Siku ya kujionyesha kwa wazazi wa binti, na baba wa binti anataka kucheza. Watu wa Bagira, kweli, wako na mambo yao.

Bulonza, mukwe mwenyewe, alivuta kola ya koti yake ya abacost. Alikuwa assistant mu institut moja ya Bukavu, kijana wa kuongea polepole. Tangu serikali ikatae majina ya wazungu, ni mama yake tu alibakia kumuita Edouard. Wazee wao waliendelea na majina yao ya ubatizo ndani ya nyumba, mulango ukifungwa.

—Hii problème ilitoka wapi, Papa? aliuliza.

—Mu gazeti ya zamani. Weupe wanacheza na wanashinda. Solution ilipaswa kutoka mu numéro yenye kufuata, na ile numéro haikufika Zaïre mpaka leo. Mu cercle ya paroisse, pale tunachezaga, wote walishindwa. Mimi mwenyewe usingizi imenikimbia.

Nyuma ya rideau, pazia ya mulango wa jikoni, Nsimire alisimama na sahani ya vikombe. Ndiye binti mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasha, mu Bagira. Ile problème aliijua kama anavyojua majina ya wanafunzi wake. Alijua pia kwamba Bulonza anaijua, sababu ni yeye Nsimire alimuonyesha, siku moja wakitoka kuimba ku chorale, kwa kupanga mbegu za mahindi juu ya ukuta mufupi wa kanisa. Basi alitabasamu peke yake kule nyuma ya rideau, akingojea kusikia jina lake.

Bulonza alikamata dame nyeupe, kipande chenye nguvu kupita vyote, na akaiweka kimushazari mbele ya pion moja nyeusi, kipande kidogo kupita vyote. Bure kabisa, pa kuliwa.

—Mutoto, unatupa dame, Papa Théodore alisema. Na haipige hata échec kwa roi.

—Acha pion ikule, Papa. Ikikula, inatoka mu njia. Sasa tour yetu inasogea case moja tu, pembeni. Angalia fou yetu kule mbali.

Papa aliangalia. Fou nyeupe, kipande cha kwenda kimushazari, ilikuwa kule nyuma kabisa, imesahauliwa, na sasa tour ilikuwa imetoka mu njia yake, wazi mpaka kwa roi mweusi, mufalme, aliyekaa mu kona. Wakajaribu kuzuia kwa tour nyeusi. Fou ikaikula. Roi hakuwa tena na pa kwenda.

—Mat, Bulonza alisema.

Papa Théodore alitosha miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena.

—Umeitosha wapi, hii?

Neno moja tu lilikuwa linatosha hapo, na ile neno ilikuwa jina la binti wa nyumba. Bulonza aliangalia tonton yake, akaona vile muzee amejaza kifua. Akaangalia Papa, akaona macho yake yako na maji.

—Niliiona tu, Papa. Nilifikiri, nikaiona.

—Maman Godelive, Papa aliita bibi yake, mama ya Nsimire, akimukumbatia Bulonza mpaka pion zikaanguka. Kuya uone mutu. Huyu ni mutu. Nilikuwa naomba Mungu anipatie mutu wa kuongea naye mu hii nyumba, na amenipatia.

Jikoni vikombe viligongana.

—Unatetemeka, Maman Godelive alisema. Uko na baridi?

—Hapana, maman. Niko na haya.

—Haya ya nini, siku kama hii?

—Ya yule mwenye wanakumbatia.

Maman hakuelewa, na wakati wa kuuliza haukuwapo, sababu Papa alikuwa tayari anaita. Kwetu, kasiksi ya wageni wa namna ile hainywewi mpaka binti aulizwe. Akisema munywe, wazee wanashika murija na mambo inaendelea. Akisema musinywe, kibuyu inarudi ilikotoka. Kila mutu anaogopa ile dakika, hata kama hakuna anayesikiaga binti amekataa. Ile ingine yote wanaume wanaongea, binti ananyamaza. Neno lake ni hiyo moja.

Nsimire aliingia, akapiga magoti kidogo, akasimama.

—Binti yangu, Papa alisema akicheka, hawa watu wanasema unawajua. Hii kasiksi, tuinywe?

—Papa, mbele ya kujibu, naomba nimuulize mugeni kitu.

Tonton Alphonse alikohoa. Maman Godelive alishika mulango.

—Uliza, Papa alisema, bado anacheka.

—Na kama pion haikule dame?

Papa aliacha kucheka.

—Nani anasema pion lazima ikule? Nsimire aliendelea, macho yake kwa Bulonza. Muweusi hakubali zawadi. Roi anatoka mu kona, anasogea case moja. Weupe wanacheza nini? Wewe uliifikiri, ukaiona. Basi utujibu.

Bulonza alirudisha dame na vipande vikubwa pa mwanzo, akainama juu ya ubao. Siku ile ya mahindi, Nsimire alikuwa ametaka kumuonyesha na hiyo, na yeye alisema: aah, inatosha, nimeelewa. Hakuwa ameelewa. Alishika tour, akaiachilia. Alishika dame, akaiachilia. Jasho ilitoka chini ya kola ya abacost ikateremuka ku shingo, na kila mutu aliiona.

—Papa, musinywe, Nsimire alisema, na akarudi jikoni.

Mimi nawaambia, kubeba kibuyu yenye kujaa toka Kasha, mchana wa dimanche, watu wakitoka misa wanakuangalia, ni kitu sitaki kwa adui wangu. Kibuyu tupu inaongea furaha. Kibuyu yenye kujaa inaongea yote ingine. Tonton Alphonse aliibeba mwenyewe, alikataa kusaidiwa.

—Mulifanyana nini na ule binti? aliuliza walipofika ku barabara.

—Hakuna kitu, tonton.

—Hakuna kitu, na ninabeba hii ku kichwa kama bibi ya soko. Sema.

—Ile mchezo ni yeye alinionyesha. Mimi nilisema ni yangu.

Muzee alisimama. Aliteremusha kibuyu polepole.

—Yeye alikuwa pale, nyuma ya rideau?

—Ndiyo.

—Na ulijua iko pale?

—Nilijua.

—Edouard, Tonton alisema, na alikuwa hajamuita vile tangu utoto. Nilikuya kusema mbele ya watu kwamba sisi hatuibake vitu ya watu. Ndiyo maneno ya kwanza nilisema nikiingia.

Akabeba tena kibuyu na hawakuongea mpaka Mudaka.

Kule Kasha, Papa Théodore alikuwa anatembea mu salon.

—Umenipatia haya, alisema. Baba wa binti wa kurudisha kasiksi. Kesho mu bureau nitaangalia watu namna gani? Kijana anaona kitu wote tulishindwa, na wewe unamutega kwa kitu kidogo.

—Papa, hakuona kitu. Ni mimi.

—Wewe nini?

—Ni mimi nilimuonyesha. Na kabla yake nilikuonyesha wewe.

—Mimi? Siku gani?

—Ulikuwa umekaa pale pale. Nilileta chai, nikaangalia, nikakuambia: Papa, utoe dame, uiweke pale pion inaweza kuikula. Unakumbuka ulinijibu nini?

Papa Théodore alifungua mudomo. Kisha akakaa, sababu alikumbuka. Alikuwa amecheka. Alikuwa amesema: binti, kaangalie maharagi yasiungue. Na jioni ile mu cercle aliwaambia rafiki zake, nao pia wakacheka.

—Neno lilelile, Nsimire alisema. Ku mudomo yangu ilikuwa maharagi. Ku mudomo yake umemukumbatia, umemuambia Mungu aksanti.

Papa aliokota pion zilizoanguka, moja moja, hakutaka kuinua uso.

—Na jibu ni nini? aliuliza chini chini. Kama pion haikule?

—Nitakuonyesha siku utaniambia nikae.

Katikati ya juma, téléphone ililia mu bureau ya directrice ya shule, Ma Sœur Eulalie, mwanamuke mwenye masikio marefu kwa mambo ya wengine. Alimuita Nsimire, akamupatia téléphone, na akabakia pale pale akijifanya kupanga craie za kuandikia.

—Allô?

—Nsimire, ni mimi. Usikate.

—Sikate. Iko téléphone ya shule.

—Nasikia haya. Siwezi hata kukula. Mu institut wananiita citoyen assistant na nataka kujificha chini ya meza. Unisamehe.

—Juu ya nini ulifanya vile?

—Papa yako aliniangalia kama mutoto wake. Mimi papa yangu alikufa nikiwa mudogo, unajua. Hakuna mutu alikuwa ameniangalia vile. Niliogopa nikisema jina yako, ile macho ingegeuka.

Nsimire aligeukia ukuta. Hilo hakuwa amelifikiria.

—Ingegeuka kwangu, alisema. Mimi pia niko mutoto wake, Bulonza. Mimi pia nilikuwa naingojea ile macho. Miaka yote.

Craie ilianguka kule ku kabati.

—Nifanye nini? Bulonza aliuliza.

—Haya ulinipatia mbele ya watu. Pardon ya téléphone siitake.

Akakata. Machozi yalikuwa yanateremuka. Ma Sœur Eulalie alimupatia kitambaa na, ajabu kwake, hakuuliza kitu.

Tonton Alphonse hakutaka kurudi. Alisema miguu inamuuma, alisema ile njia ya Kasha sasa anaijua sana. Lakini dimanche iliyofuata alikuwa ku mulango wa Papa Théodore, kasiksi mupya mu kibuyu ileile, na Bulonza nyuma yake, safari hii na shati tu, bila abacost.

Kwa desturi kijana hafunguake mudomo. Tonton ndiye anaongea. Tonton hakuwa amemaliza salamu, Bulonza akasimama.

—Papa, Maman, munisamehe, naongea mbele ya wazee. Ile siku nilisema niliiona mwenyewe. Nilidanganya. Ni Nsimire aliiona. Mimi kwanza nilimubishia, nikasema haiwezekane, na alinieleza kama mutoto wa première primaire. Kisha nikaiba. Niliiba mu nyumba yake, yeye akisikia.

Bulonza alibakia amesimama, mikono haijui pa kwenda.

—Ukae, Papa Théodore alisema mwishowe. Ukikaa peke yako mu hii haya utanionea. Mimi aliniambia kabla yako. Nilimutuma ku maharagi.

Maman Godelive alitoka jikoni, akamuangalia bwana yake kama mugeni.

—Ile jioni mulikuwa munacheka mpaka majirani wanasikia, alisema. Kumbe ni yeye mulikuwa munacheka.

—Ni yeye, Papa alisema. Nitawaambia kule mu cercle pia. Nimuite?

Nsimire alikuwa tayari ku rideau. Hakuwa amebeba vikombe. Papa alisimama toka kiti yake, ile ya mikono, yenye hata padri akitembelea hakaliake, akaivuta mpaka mbele ya ubao.

—Kaa, binti yangu.

Alikaa. Kiti ilikuwa pana kwake. Papa alipanga vipande vya ile problème, na Nsimire akamuonyesha Bulonza upande wa muweusi.

—Ninaweka dame hapa, alisema. Pion isikule.

—Isikule, Bulonza alijibu, na akatosha roi mu kona, case moja.

Nsimire alishika tour. Akaiweka case ileile iliwekwaka siku ya kwanza, lakini sasa pale pion ingine nyeusi inaweza kuikula bure.

—Na tour pia unatoa? Papa alinong’ona.

—Akule.

Bulonza aliangalia sana. Alikula, sababu yote ingine ilikuwa mubaya vilevile. Ile tour ndiyo ilikuwa inafunga njia ya fou. Tangu imesogea, njia ilikuwa wazi. Dame ilishuka karibu na roi, fou ikiilinda toka kule mbali.

—Mat, Nsimire alisema.

Papa Théodore alifunika uso na mikono miwili na akabakia vile. Tonton Alphonse, asiyejua hata farasi inaendaga wapi pale ku ubao, aliinama mbele.

—Nani ameshinda?

—Nsimire, Bulonza alisema.

—Ongea nguvu. Niko muzee.

—Nsimire ameshinda, tonton. Ameshinda sisi wote.

—Aah. Basi hiyo nimeelewa.

Papa alifunua uso. Macho ilikuwa na maji, ileile ya dimanche iliyopita, na safari hii iliangalia kiti ya mikono.

—Binti yangu, alisema. Hii kasiksi, tuinywe?

Nsimire hakujibu na mudomo. Alimuangalia Bulonza kwanza, muda murefu, mpaka kijana akaangusha macho, akayainua tena, na safari hii hakuyatoa kwake. Kisha alisimama, akabeba kibuyu yeye mwenyewe, akaiweka katikati ya ubao juu ya vipande vyote. Akakunywa kwanza yeye, ku murija. Akamupatia Bulonza murija.