Anayeitwa Faida

Harufu ya karafuu iliingia nyumbani kwa Marselina, Kimamba, adhuhuri moja akiwa anachambua mchicha. Ndani hamkuwa na karafuu hata punje. Aliifuata mpaka chumbani kwa binti yake, Imani, aliyekuwa amejilaza.

"Labeka, bwana," Imani akasema.

"Unaongea na nani?"

"Nimeitwa, mama. Kwani hukusikia?"

Marselina hakuwa amesikia kitu.

Tangu hapo Imani akawa anaitika kila siku. Ncha za vidole vyake ziligeuka kahawia, zisitakate kwa sabuni. Kisha Hussein, jirani yao wa bodaboda, akamrudisha akiwa peku. Alimkuta relini anatembea kuelekea mashariki, hasikii honi, akinong'ona kwamba amechelewa shambani na msimamizi atamchapa.

Marselina akampigia simu mama yake, Anastazia, huko Berega. Bibi alipofika hakungoja hata shikamoo. Alinusa mlangoni, akaketi.

"Anakuita kwa jina gani, mjukuu wangu?"

"Faida."

Bibi alifumba macho. "Bibi yake bibi yangu alikamatwa milimani kwetu, akauzwa Pemba kwenye karafuu. Huko ndiko walikompa jina hilo. Yeye na wenzake walichoma majamvi ya kuanikia, wakaiba mashua, wakavuka bahari, kisha wakarudi kwao kwa miguu. Bwana wao akawatumia jini, liwaite kwa majina aliyowapa. Aliyeitika, alichukuliwa kidogo kidogo. Bibi yetu hakuitika mpaka anaingia kaburini."

"Mbona hukuniambia, mama?" Marselina aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani amechoka kututafuta."

Walifunga milango jua lingali kali. Bibi akamnong'oneza Imani jina alilozaliwa nalo yule mtoro, la Kikaguru, akamwambia alishike moyoni na asifungue kinywa. Harufu ikapanda hadi macho yakawawasha, na kwa mara ya kwanza Marselina naye akaisikia sauti, ya upole, isiyo na haraka, kama ya mtu anayeita mbuzi wake, ikizunguka nyumba dirisha hadi dirisha, Faida, Faida, ikipita juu ya bati, ikishuka nyuma ya jiko, mpaka iliposimama mlangoni na kubadilika, ikawa sauti yake mwenyewe Marselina, inalia, "Imani mwanangu, nifungulie, nimeumia," ilhali yeye yumo ndani, ameishika miguu ya binti yake, midomo ameibana.

Imani aliuma mdomo hadi damu ikamchuruzika kidevuni. Hakuitika.

Sauti ikanyamaza. Hewa ikawa nyepesi, na nje kuku wakaanza tena kupekua.

Marselina alilia kwa kushukuru. Mama yake hakulia. Alikuwa anafunga kanga yake.

"Unakwenda wapi? Si ameondoka?"

"Ameondoka hapa," bibi akasema. "Yule mwenzao aliyeshika kasia la ile mashua, wazao wake wako Mvumi. Sijui kama kuna aliyewaambia jina la kutoitika."

Akatoka kumtafuta Hussein. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, unaelekea Mvumi.