Gari Lilipopona

Nilitumwa miwani tu.

Mama aliisahau kwenye gari tangu Ijumaa, tulipotoka kliniki. Jua lilikuwa linazama, taa ya uani imeungua, nami nilikuwa nimeacha gauni la mteja kwenye cherehani, sindano imezama kwenye kitambaa. Nikachukua ufunguo huku nikinung'unika. Mimi ni fundi nguo na sipendi kuinuliwa katikati ya mshono. Nyumba nzima inajua.

Nikafungua mlango wa mbele, upande wa abiria. Nikainama, nikapenyeza mkono chini ya kiti.

Hakuna miwani.

Nikaegemeza kiwiko juu ya kiti ili nifike mbali zaidi... nikakiondoa haraka.

Kiti kilikuwa cha moto.

Si moto wa jua. Gari lilikuwa kivulini siku tatu, halijatoka. Ulikuwa ule ujoto wa mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi.

Subiri kwanza nikueleze habari ya hicho kiti, maana bila kiti hakuna hadithi.

Gari alilinunua marehemu baba mimi nikiwa darasa la kwanza. Saluni nyeupe, ingawa weupe wenyewe siku hizi unahitaji shahidi. Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala, ndilo likawa la kumpeleka mazoezini kila Jumanne na Ijumaa. Daktari alituonya: akikosa mazoezi miezi hii ya mwanzo, mkono hautarudi. Na gari nalo likachagua miezi hiyohiyo kuzeeka. Linachemsha. Linazima mlimani. Linatoa moshi mpaka majirani wanafunga madirisha.

Kaka yangu alikuwa na jibu moja tu. "La kuvunda halina ubani. Tuliuze, tununue jingine."

"Ya kale dhahabu," nikamjibu.

"Dhahabu haisukumwi, mdogo wangu."

Mama akatukata kauli: gari la mumewe haliuzwi yeye angali hai. Mwishowe tukakubaliana litengenezwe mara moja ya mwisho. Likigoma tena, liende.

Fundi wetu tunamwita Taratibu, kwa jinsi anavyofanya kazi. Alilikagua siku mbili, akatoa orodha ya mabovu. Kiti cha mbele nacho kilikuwa kimevunjika chuma, kinamtupa mama kando. Akanipeleka kwenye magari mabovu nyuma ya gereji nichague kingine. Akanionyesha cha kijivu, nikabetua midomo. Kwenye gari jingine lililopondeka ubavu nilikuwa nimeona kiti cha damu ya mzee, rangi ileile ya viti vyetu.

"Hicho achana nacho, dada," akasema Taratibu. "Kimechanika mgongoni."

"Fundi, unamwambia nani habari za kuchanika?"

Ulikuwa mchano ulionyooka, wa wembe, urefu wa kiganja. Nikaushona palepale, mshono wa kurudia, kwa uzi wa ngozi. Watu wa kazi yangu tuna ugonjwa huo: tukiona kitambaa kimefunguka, mikono inatuwasha. Hatuulizi aliyekifungua alitaka nini.

Kiti kikafungwa Jumatano. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Hakuna moshi. Halichemshi. Taratibu akabaki anakuna kichwa, maana injini alikuwa hajaigusa hata kwa spana. Mwezi mzima likapanda mlima bila kukohoa, nami nikamcheka kaka mpaka akaacha kuja Jumapili.

Mama ndiye aliyeanza kushuka. Kabla ya kiti kile alikuwa ameshaanza kushika kikombe. Wiki ya kwanza, kikombe kikamponyoka. Ya pili, vidole vikajikunja. Ya tatu, akitoka garini alikuwa wa baridi, na mzito hata tukamwinua watu wawili, wakati mwili wenyewe unakonda. Daktari hakuelewa. Mimi nikasema ni uzee. Mungu anisamehe, nilisema ni uzee.

Haya, turudi uani.

Nimesimama, mlango wazi, kiwiko kinaniwaka. Ikaja harufu. Dawa ya kuchua ya mama... na chini yake, nywele zilizoungua.

Kiti kikabonyea.

Polepole, kama mtu mzito anapokaa. Springi zikalia. Kriii... Mkanda ukajivuta, ukazunguka hewa tupu, ukajifunga.

Kach.

Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Injini ikawaka.

Ikanguruma vizuri, kama siku ile baba alipoleta gari nyumbani, na huo uzuri ndio ulionitisha kuliko yote.

"Mlete..."

Mnong'ono. Si wa kike, si wa kiume. Ulitoka mgongoni mwa kiti, nyuma ya mshono wangu.

"Nimlete nani?"

"Kesho Jumanne... Amebaki kidogo tu. Gari lako limepona. Mlete."

Miguu ilitaka kukimbia, sikufichi. Lakini nikakikumbuka kile kikombe kilivyomponyoka mama, alivyokiangalia pale sakafuni na kuniomba radhi. Mama yangu, ananiomba mimi radhi! Hasira ikanipanda mpaka woga ukakosa pa kukaa.

"Gari si langu, ni la mama," nikasema. "Na mama si petroli."

"Utalisukuma..."

"Nitalisukuma!"

Shingoni nilikuwa na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Nikaingia nyuma, nikaanza kufumua. Uzi wa kwanza. Gari likatikisika. Uzi wa pili. Milango yote ikajibamiza. Wa tatu... na kitu kikatokeza ndani ya sponji, kikanishika kidole.

Kidogo. Cha baridi. Kikavuta.

Nikavuta na mimi. Nililia, nilitukana, nilimwita baba. Sikuachia.

Mshono ukafumuka wote kwa pamoja. Injini ikazima. Ndani ya sponji palikuwa na furushi la nywele, ukubwa wa ngumi, limesukwa kwa waya mwembamba. Juu, mvi. Za mama, nazijua, nazichana mimi kila asubuhi. Chini yake nywele nyeusi za mtu nisiyemjua. Chini kabisa zilikuwa nywele laini, za mtoto.

Nikampigia kaka. Alikuja, akatazama, akaenda kuchukua spana. Alifungua bolti, akakitoa kiti, tukakichoma uani na furushi lake.

Asubuhi gari halikuwaka. Kaka akasukuma, mimi nikasukuma, mama kakaa nyuma. Tulipofika karibu na gereji nikamwona ameshika ukingo wa dirisha. Kwa mkono wa kulia.

"Sukumeni vizuri," akasema. "Mnanitikisa."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Kaka akampakia kwenye gari la kukodi, wakawahi mazoezi. Mimi nikabaki na Taratibu, nikamshika ukosi.

"Kile kiti ulijua!"

"Nilikwambia ukiache, dada. Uliona rangi, hukunisikia." Alikuwa anaongea chinichini. "Alikuja mama mmoja kukichana kwa wembe. Akasema hicho tayari, kikiwa wazi hakina nguvu tena, na kesho yake angerudi kuchana vile viwili vilivyobaki, cha dereva na kile kirefu cha nyuma. Nilidhani amechanganyikiwa."

"Alirudi?"

Akatikisa kichwa.

"Na viti?"

"Nilishaviuza. Vilikuwa safi, havina hata mkwaruzo."

Aliwauzia akina nani, hakumbuki. Kaka anasema hayatuhusu tena, tumshukuru Mungu, tununue gari jingine. Nimekataa. Letu tumelitengeneza, na sasa linachemsha, linazima, linanitoa jasho kama gari lolote zee, na mama anashika kikombe kilichojaa. Ila siku hizi nikiona gari chakavu linapanda mlima bila kukohoa, nalisimamisha. Nauliza nani hukaa wapi. Wengi hunitukana, nami huwarudishia.

Jana mmoja hakunitukana. Baba wa makamo, mpole, gari lake zee kuliko letu. Kwenye kiti cha nyuma alilala msichana mdogo, amefunikwa blanketi, na jua lilikuwa kali.

"Anaumwa?" nikamuuliza.

"Uchovu tu," akasema, akapiga usukani kwa furaha. "Lakini gari, dada! Tangu tubadilishe kiti, halijazima hata mara moja."

Sikumwomba ruhusa. Nikafungua mlango wa nyuma.