Mkono wa Mkwe

Siku Limi alipomwona Mayala kwa mara ya kwanza, kwenye duka la vitenge la Lataben hapakuwa na pa kukanyaga. Ulikuwa msimu wa kuuza tumbaku na Kahama nzima ilikuwa imetoka kununua. Wanawake walivutania majora ya vitenge, bodaboda zikipiga honi mlangoni, na Limi, fundi wa barazani, alikuwa na pini mdomoni. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka limekakamaa, akasimama mbele ya cherehani akaomba sare za kwaya, tena za haraka.

Limi akatoa pini, akauliza kwaya hiyo itaimba nini. Shukrani, akajibiwa. Kampuni ya tumbaku aliyoifanyia kazi Mayala ilikuwa imejenga zahanati karibu na Ushirombo, na zahanati ya msaada haifunguliwi bila kwaya.

"Na moshi wa tumbaku ukikohoza watu, kwaya inaimba nini?"

Mayala akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa pabaya. Kesho yake alirudi kuangalia sare. Kesho kutwa alirudi kumwangalia fundi.

Simu zikaanza. Mchana alimpigia kumuuliza kipenzi chake amekula nini, naye Limi akamwambia amekula vumbi la gari lake. Mapenzi yakakolea, na haikupita wiki nyingi posa ikapelekwa Ushirombo kwa Martina, mama yake Limi. Martina alikuwa mjane, mkulima wa tumbaku, aliyechochea moto kwenye bani la kukaushia majani tangu ujana wake mpaka kifua kikawa kinapiga filimbi. Alikubali posa akiwa anakohoa.

Mayala alitaka kumheshimu mama mkwe. Hapo ndipo alipoharibu. Siku ya ufunguzi wa zahanati alimweka Martina mbele ya wageni apokee ufunguo kwa niaba ya kijiji, na wapiga picha walipojipanga, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatabasamu.

Mayala alikuwa Msukuma wa jina, kalelewa Dodoma. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kina Limi mkwe hamgusi mama mkwe. Humsalimu kwa mbali, amechuchumaa, macho chini. Kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Martina hakuuchomoa mkono, maana alilelewa kutomwaibisha mgeni, ila tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye sala za jumuiya wala kisimani.

Limi alipomweleza, Mayala aliomba radhi na kuahidi kwenda na wazee kwa Martina kulisafisha kosa. Kabla hajaenda, Martina alizidiwa na kifua. Alifia hospitali ya Kolandoto.

Wiki ya mazishi ilipokwisha, Limi alirudi barazani akakuta bango kubwa la turubai limefungwa ng'ambo ya barabara. Mayala na Martina, mkono kwa mkono. Chini yao maandishi manene: PUMZI YAKO, JUKUMU LETU.

Nani mwingine angeichagua picha ile? Limi alilifungia jina la Mayala kwenye simu, akakaa kushona.

Alidhani atalia. Hakulia. Alikuwa na ganzi, na ganzi haina uchungu. Ndiyo maana iliweza kukaa muda mrefu. Kila asubuhi alikaa mbele ya uso wa mama yake akapinda mashati ya watu. Lataben, mama yake Umesh, aliyejua kufiwa, alimwambia taratibu, "Limi, geuza cherehani itazame ndani."

"Iache tu, Mama Umesh."

Siku ya gulio Mayala akatokea na ngazi ya kuazima. Hakuvaa shati la kampuni. Alipanda mbele ya watu wote, akakata kamba moja baada ya nyingine, na turubai likaporomoka chini, nyuso zikitazama juu. Watu wakangoja alikunje aondoke nalo.

Mayala akashuka, akauona uso wa Martina miguuni pake, akasita. Akarudi nyuma mpaka ukingoni mwa mtaro. Akachuchumaa, macho chini.

"Shikamoo, mama."

Gulio halikunyamaza, bodaboda hazisubiri mtu, lakini waliokuwa karibu walielewa. Limi akavuka barabara, pini zingali mdomoni. Akazitoa.

"Nani aliichagua?"

"Picha hawakuniuliza. Nikaomba waitoe, wakasema inagusa mioyo." Hakuinua macho. "Lakini mkono ulikuwa wangu."

"Na kazi?"

"Wamenipigia nikiwa juu ya ngazi."

Limi akapiga magoti kwenye vumbi aanze kukunja. Alianzia upande wa maandishi. Alipofika usoni, vidole vikakataa. Kikohozi cha mama yake kilimjia wazi, kile cha alfajiri cha kuamsha nyumba, na machozi ambayo mazishini hayakutoka yakatoka sasa, mbele ya wateja wake. Yaliuma sana. Mayala alitaka kuinuka amshike, kisha akakumbuka aliyekuwa amelala kati yao, akabaki pale mtaroni.

Limi akamaliza kukunja, uso ukawa ndani. Akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Mama anasema marahaba," alimwambia. "Inuka. Kawatafute wazee wako, mje nyumbani."