Suruali Ndefu za Fundi Pindo

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pindo. Suruali alizowashonea watu ziliwakaa vizuri, lakini zake mwenyewe zilifagia barabara.

"Fundi, kitambaa ulipewa bure?" wateja walimtania.

Alicheka tu, akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto.

Mguu wa kulia ulikuwa wa bandia. Zamani alikuwa mwanajeshi, na bomu la kutegwa ardhini lilimkata mguu vitani. Majirani walijua anachechemea, basi. Hata binti yake hakuwahi kuuona mguu huo. Kila jioni baba alifunga mlango wa chumba kabla ya kuuvua.

Sasa binti alikuwa amepata nafasi chuoni, kusomea upimaji wa ardhi. Ada iliwashinda. Chuo kilikaribia kufunguliwa, na asiyelipa angepoteza nafasi.

Jirani yao mmoja, nesi mstaafu wa hospitali ya jeshi alikotibiwa baba, alileta gauni lipunguzwe.

"Jirani, mbona hujaomba ufadhili wa watoto wa wanajeshi?" aliuliza.

Cherehani ikanyamaza.

"Ule ni wa watoto wa waliokufa," baba alisema. "Mimi nipo, nakula na kulala. Nikawanyang'anye mayatima?"

"Nani kakwambia? Ni wa watoto wa waliokufa vitani, na pia wa waliojeruhiwa wakabaki na ulemavu. Huyu hapunguzi fungu la yule. Chukua kitambulisho chako cha jeshi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya chuo. Daktari wa jeshi atakupima. Hulipi kitu. Anayekudai hata senti ni tapeli."

Baba alitikisa kichwa. Binti, aliyekuwa akikata nyuzi, aliweka mkasi chini.

"Basi, baba. Nitakaa nyumbani nikusaidie kushona."

Maneno hayo yalimkata baba maini. Asubuhi walikwenda wote wawili kwenye ofisi ya jeshi.

Kwenye benchi la kusubiri aliketi mjane wa rafiki yake, askari aliyekufa ubavuni mwake siku ile ya bomu. Baba akageuka kuondoka.

"Shemeji, unakwenda wapi?" mjane aliuliza.

"Naona haya. Mumeo alikufa, mimi nikapona. Nipange foleni na wewe?"

Mjane akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Angenirudia na mguu mmoja, ningemshukuru Mungu mpaka leo. Na mtoto wetu angesoma vilevile. Kaa hapa."

Baba akakaa.

Zamu yake ilipofika, daktari, kapteni kijana, alimwomba apandishe suruali. Baba alisita, kisha akaipandisha. Binti aliona chuma, mikanda ya ngozi, na makovu yaliyopanda mpaka juu ya goti. Akaduwaa. Kwa mguu huu baba alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Kwa mguu huu alimsindikiza shule, mvua na jua, bila kulalamika hata mara moja.

Kapteni aliinuka, akasimama wima, akampigia saluti. Binti alimtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na machozi yakamtoka.

Ufadhili ulitoka kabla chuo hakijafunguliwa.

Likizo ya kwanza, binti alimkuta baba barazani kwenye cherehani. Alikuwa amevaa kaptula, na mguu wa chuma unang'aa juani.

"Fundi, leo kitambaa kimekwisha?" mteja alimtania.

"Kimebaki," baba alijibu. Akamkabidhi binti yake mkoba imara wa kubebea vifaa vya kupimia ardhi. Alikuwa ameushona kwa vipande alivyokata kwenye suruali zake zote.